Sikio la Mwalimu Fokimari

Mazoezi ya kwaya yalikuwa saa kumi alasiri. Yalikuwa saa kumi kwa miaka ishirini na nane, na kwa miaka yote hiyo, ikifika saa kumi, aliyekuwa ndani ya lile kanisa dogo la Kilutheri upande wa Bigwa alikuwa Mwalimu Fokimari peke yake, amekaa benchi la mbele, amekunja mikono, anaangalia mlango.

Saa kumi na nusu aliingia Magreth, katibu wa kwaya na kiongozi wa sauti ya pili, daftari likiwa kwapani.

"Shikamoo Mwalimu. Pole kwa kungoja."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Wako njiani, Mwalimu."

Siku zote walikuwa njiani. Mwalimu aliwahi kuuliza hiyo njia ina urefu gani, maana yeye kutoka kwao Ujerumani mpaka Morogoro alitumia siku moja na nusu tu, tena na mizigo.

Saa kumi na moja kasorobo kina mama wa soprano, sauti ya kwanza, waliingia kwa mkupuo, kama watu waliokuwa wamejificha mahali wakimchungulia. Sauti ya tatu, ambayo yeye aliiita tenori kwa kuwa ndiyo sauti yake mwenyewe, ilikuja ya mwisho na ilikuja pungufu. Alikuwa amefundisha wanaume arobaini na mmoja kuimba tenori, na kila mmoja alipoiva alipata uhamisho. Huyu kapelekwa Tabora, yule kabadilishiwa zamu kiwandani, mwingine kaoa Mkatoliki na kuhamia huko na sauti yake. Aliyebaki miaka yote ni Castory, mkulima wa karoti aliyekaa juu mlimani, mwendo wa saa nzima na nusu kushuka kwa miguu, na ambaye, kwa namna ambayo Mwalimu hakuweza kuielewa, alifika kabla ya wenzake wanaokaa jirani na kanisa.

Jina lake halisi lilikuwa Volkmar Petzold. Alizaliwa katika mji mdogo wa Saksonia, baba fundi viatu, mama mpiga kinanda wa kanisani. Alipokuwa na miaka mitano kengele ya kanisa ililia, naye akamwambia mama yake kwamba kengele inaimba noti ya F. Mama aliacha sufuria jikoni, akaenda kwenye kinanda, akagusa F, kisha akageuka kumtazama mtoto wake kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani na anaogopa mwenyewe atatokea kukidai.

Tangu siku hiyo kila kitu kilichotoa sauti kilikuwa na jina. Mlango, gurudumu la baiskeli, kijiko kikianguka. Chuoni wenzake walimgongea bilauri ili wacheke, na hakukosea hata mara moja. Sauti yake ya kuimba ilikuwa safi lakini ndogo, na walimu walimwambia wazi kwamba haitajaza kumbi kubwa. Kwa hiyo aliimba katika makanisa, Krismasi hapa, Pasaka pale, na akaongoza kwaya za wazee zilizopungua mwaka hadi mwaka kwa mazishi. Ilipotokea nafasi ya kuja Morogoro kufundisha muziki wa kanisa kwa miaka mitatu, alikuja na mabegi mawili na uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja tu, A, isiyobadilika hata kikae miaka mia. Alipewa kama zawadi siku ya kuhitimu. Hakuwahi kukitumia. Aliona ni kama kumnunulia miwani mtu mwenye macho mazima.

Miaka mitatu ikapita. Kufikia hapo Angelina, muuguzi mzaliwa wa Mlali, alikuwa ameshaingia kati. Walioana, wakampata Jesca, wakajenga Bigwa mahali ambapo mlima unaanza nyuma ya choo. Jina la Volkmar lilidumu vinywani mwa watu wiki mbili, likawa Fokimari, na baada ya muda yeye mwenyewe akijitambulisha kwenye simu alisema Fokimari, ili kupunguza maelezo.

Watu walihama, mapaa yalibadilishwa, wachungaji walikuja wakaondoka. Kitu kimoja hakikubadilika. Wimbo ulipotaka kuanza, sauti ya kuanzia ilitoka kinywani mwa Mwalimu. Hakusubiri kinanda. Alifumba macho, akatoa "mmm" ndogo, na kwaya ikashika hapo hapo.

Mwaka huo usharika ulikuwa unatimiza miaka hamsini. Mwalimu alitunga wimbo wa sherehe, na katikati yake aliweka mistari minane ya tenori mmoja kuimba peke yake. Tenori huyo alikuwa yeye. Alikuwa na miaka sitini na saba, na alijua kwamba hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho kusimama na kuimba peke yake mbele za watu. Hakumwambia mtu. Alichotaka ni kwamba uende sawa. Tangu aingie Morogoro hakuna wimbo uliowahi kwenda sawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kila mara kuna aliyeingia mapema, simu iliyolia, mvua iliyopiga bati. Huu mmoja aliutaka uende sawa.

Kamati ya sherehe, bila kumwuliza, ikaamua kwaya isindikizwe na kikundi cha matarumbeta kutoka mjini. Wanaume sita walikuja Jumamosi, wiki moja kabla ya siku yenyewe, wakiongozwa na Fransisko, mzee mwenye mashavu ya kazi hiyo. Mwalimu aliwaomba watoe F, sauti ya kuanzia wimbo. Wakapuliza, naye akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Nimesema F."

"Ndiyo hiyo, Mwalimu."

"Hiyo ni G. Mmepanda."

Fransisko alilitazama tarumbeta lake, akamwaga mate yaliyomo, akapuliza tena.

"G!" alisema Mwalimu.

"Mwalimu wangu, hili tarumbeta nalipuliza tangu sijaoa."

"Basi limeharibika tangu hujaoa."

Wapiga tarumbeta walicheka. Kwaya haikucheka. Kwaya hiyo hiyo, ambayo ilicheka hata mchungaji akijikwaa madhabahuni, siku hiyo ilikuwa inaangalia sakafu. Erick, mpiga kinanda, ambaye siku za kazi alikuwa fundi simu kule Msamvu, alikuwa anafuta vitufe vya kinanda kwa shati lake ingawa havikuwa na vumbi.

"Erick, wape F."

"Mwalimu, labda leo tufanye bila matarumbeta…"

"Wape F!"

Erick akabonyeza. Ikatoka sauti ambayo kwa Mwalimu ilikuwa F kamili, tamu kama maji.

"Mmesikia? Hiyo ndiyo F."

"Kaka, kinanda chako kina homa," Fransisko alimwambia Erick. Kisha akamgeukia Mwalimu kwa adabu. "Mzee, humu ndani kuna vyombo saba. Sita vinakubaliana."

"Basi sita vimekosea."

Mazoezi yalivunjika. Nyumbani Angelina alikuwa anachambua mchicha barazani, na alipomwona anavyofunga geti alijua.

"Leo nani kakosea?"

"Matarumbeta."

"Lipi?"

"Yote sita."

"Yote sita." Angelina alitupa bua pembeni. "Na wewe hapana."

"Mimi sijawahi."

"Baba Jesca, mwezi uliopita ulisema redio inaimba juu. Kabla ya hapo ikawa mashine ya kusaga. Kabla ya hapo mlio wa simu ya Jesca. Morogoro nzima imepanda, wewe tu umebaki chini?"

Mwalimu aliingia ndani. Alimwona mke wake kama mtu mwingine tena asiyeelewa, na orodha ya hao ilikuwa ndefu.

Jumatatu alikizungushia kinanda blanketi, akakipakia kwenye bodaboda na kukipeleka Msamvu. Hakutaka kukipeleka kwa Erick, aliyejaa visingizio. Alikwenda kwa Mansuri, fundi wa redio wa siku nyingi, rika lake, mtu asiye na ndugu ndani ya kwaya. Alitaka Mansuri akipime kinanda, athibitishe kuwa ni kizima, ili yeye amkabili Fransisko akiwa na ushahidi.

"Mwalimu Fokimari! Leo umeniletea maiti ya nani?"

"Kinanda. Nataka uniambie kama kina tatizo."

Mansuri alikifunua, akakiwasha, akasogeza miwani kwenye paji la uso na kukisoma kwa macho matupu.

"Hakina ugonjwa. Kimeshushwa tu."

"Kimeshushwaje?"

"Hapa. Unaona hii kutoa mbili? Mtu amekishusha hatua mbili ndogo, halafu amehifadhi, ili kila kikiwashwa kianzie huko huko chini. Hii haiji kwa bahati mbaya, lazima ubonyeze kwa vidole viwili pamoja, tena uhesabu mpaka tatu. Nikirudishe?"

"Kirudishe."

Mansuri akabonyeza. Mwalimu akanyoosha kidole chake mwenyewe na kugusa F. Akasikia G.

"Sasa ndiyo umekiharibu," alisema.

Mansuri alishusha miwani machoni. "Mimi sijui F wala G, Mwalimu. Mimi nasikia kelele tu. Lakini mashine haina sababu ya kunidanganya, haijui hata jina langu."

Alirudi Bigwa saa nane mchana, jua likiwa limekaa vizuri mlimani na ukungu umebaki juu kabisa tu. Angelina alikuwa kazini. Uma wa sauti ulikuwa kwenye droo ya vyeti vya Jesca, ndani ya soksi. Aliugonga kwenye goti, akauweka sikioni.

B.

Aliugonga tena, akauweka sikio la pili. B. Akaung'ata kwa meno ili sauti ipite kwenye mfupa, isipitie masikioni kabisa. B. Chuma kile kilitengenezwa kutoa A na hakina kitufe. Hakuna mtu wa kukishusha kwa vidole viwili.

Alikaa kitandani na soksi mkononi. Redio haikuwa imepanda, wala mashine ya kusaga, wala Fransisko. Sikio lililomwambia mama yake habari za kengele lilikuwa limeteleza kidogo kidogo, bila kuumwa, bila kuaga, na yeye aliyesikia kila kosa la kila mtu hakulisikia hilo. Nje jirani aliita kuku wake, na bila kutaka Mwalimu akaipa sauti ile jina, kisha akajua kwamba jina hilo si lake.

Halafu hasira ikaja, na alishukuru kwamba imekuja, maana hasira aliizoea.

Magreth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni kwake Mwalimu Fokimari alipomkuta.

"Magreth, kinanda kimeshushwa hatua mbili."

Magreth hakuuliza kinanda gani. Aliingia ndani, akatoka na daftari la zamani la kwaya, akalifungua bila kutafuta sana.

"Kikao cha tarehe kumi na nne Machi, miaka minne iliyopita," alisoma. "Ajenda ya tatu, mengineyo. Mjumbe wa besi alilalamika kuwa nyimbo zimeshuka mno na kwamba besi wanaimba kama wako kisimani. Mpiga kinanda alieleza kuwa kinanda kiko sawa ila Mwalimu anakisikia kimepanda. Kikao kilijadili kwa kina. Iliazimiwa kwamba kinanda kimfuate Mwalimu."

"Na mimi? Kikao hakikusema niambiwe?"

Magreth akafunua ukurasa. "Mjumbe aliuliza nani atamwambia Mwalimu. Hakuna aliyejitolea. Kikao kilifungwa kwa sala."

Mwalimu aliegemea nguzo ya baraza.

"Mlikuwa wote?"

"Akidi ilitimia, Mwalimu."

"Kilianza saa ngapi?"

Magreth aliangalia daftari. "Saa kumi kamili."

"Saa kumi kamili! Miaka ishirini na nane nawaomba mje saa kumi. Mnakuja saa kumi siku moja tu, na siku yenyewe ni ya kunidanganya!"

"Hatukukudanganya, Mwalimu. Tulikufuata. Si ndivyo ulivyotufundisha mwenyewe? Ulisema mwongozaji akikosea, kwaya yote ikosee naye, wasikilizaji wasijue."

Alikuwa amesema hivyo. Alikumbuka hata siku, na shati alilovaa. Alifundisha mambo mia katika kanisa lile, kupumua, kutamka, kutotafuna pipi, na katika yote hayo walikuwa wameshika hilo moja.

"Mpigie Erick," alisema mwisho. "Fundi amekirudisha kinanda juu, kibaki huko huko. Tutaimba F yenyewe, na matarumbeta."

"Na mistari yako peke yako?"

"Nitaimba."

Wiki hiyo alifanya alichoweza. Kwa kuwa F sasa aliisikia kama G, aliandika upya mistari yake minane katika G, ili alichokiona kwenye karatasi kifanane na alichokisikia. Alijiona kama mtu anayejitengenezea kitambulisho cha uongo. Na koo nalo lilikuwa na neno lake: miaka minne lilikuwa limeimba chini bila mwenyewe kujua, sasa likatakiwa kurudi juu. Angelina alimsikia bafuni kila asubuhi. Siku ya tatu alimwambia kupitia mlangoni, "Mwachie Castory." Mwalimu alifungua maji zaidi ili asisikie.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mvua haikunyesha. Wote walifika kwa wakati, jambo lililomtia wasiwasi. Magreth aliugonga uma wa sauti aliokabidhiwa na Mwalimu, akatoa sauti ya kuanzia kwa mara ya kwanza maishani mwake, matarumbeta yakaingia, na kwaya ikaingia. Kwa Mwalimu kila kitu kilisikika kama nyumba yake mwenyewe ambayo mtu amehamisha vitanda. Hata hivyo, mkono wake ulihesabu na kwaya ikafuata mkono.

Ikafika mistari yake. Aligeuka akawatazama watu. Mstari wa kwanza ulikuwa safi, wa pili pia. Wa tatu na wa nne ilipanda vizuri, na Angelina, benchi la tatu, akaacha kubana mkoba wake.

Mstari wa tano na wa sita Mwalimu alikuwa ameandika vyombo vyote vinyamaze, ili sauti ya mtu mmoja isimame yenyewe. Aliliandika mwenyewe hilo, mwezi wa pili, kwa fahari. Matarumbeta na kinanda vikanyamaza, na pale palipokosa kitu cha kumshikilia, sikio lake lilimvuta likamrudisha kule lilikozoea. Aliteremka bila kujua. Kwake yeye ilikuwa mistari mizuri kuliko yote aliyowahi kuimba. Alijisikia amefika.

Matarumbeta yaliporudi kwenye mstari wa saba, yalirudi juu yake kwa sauti nzima, na mgongano wake ulisikika mpaka barabarani. Mkono wa Erick ulikimbilia vile vitufe viwili vya kinanda, kwa mazoea ya miaka minne, kisha ukasimama hewani, maana hata akishusha kinanda, matarumbeta hayashushwi. Fransisko alitoa macho juu ya mashavu yake yaliyojaa, akaendelea kupuliza kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mwalimu aliimba maneno matatu zaidi, akijua, na hakupata njia ya kurudi.

Ndipo Castory akaingia. Hakusogea mahali pake wala hakutazama mtu. Alichukua neno la nne na kulipeleka lilipotakiwa kuwa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka shamba la ng'ambo. Mwalimu alifunga mdomo. Akasimama sekunde moja akiwapa watu uso, kisha akageuka, akawapa mgongo, na mkono wake ukainuka na kuendelea kuhesabu mpaka mwisho wa wimbo. Watu walipiga vigelegele. Wengi walidhani ndivyo ulivyotungwa, wanaume wawili wapokezane.

Baada ya ibada alimkuta Castory nyuma ya kanisa, akikunja joho lake kwa uangalifu.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Umeingia kwa kuchelewa. Nusu pigo."

"Nilikuwa nakusubiri, Mwalimu," alisema Castory. "Nilidhani utarudi."

Mwalimu alitazama karatasi yake ya G, akaikunja mara nne.

"Siku nyingine usinisubiri," alisema. "Nusu pigo ni nyingi."

Alhamisi, saa kumi alasiri, alikuwa peke yake kanisani. Saa kumi na nusu aliingia Magreth. Saa kumi na moja kasorobo waliingia soprano, wakamwamkia kwa sauti ya chini, kama watu wanaoingia kwenye nyumba ya msiba, jambo lililomkera kuliko kuchelewa kwao. Aliwapanga. Alimwonyesha Magreth kwa kidevu. Magreth akagonga uma kwenye goti, akasikiliza, akatoa "mmm."

"Juu sana," alisema Mwalimu.

Erick akasogeza mkono kuelekea kwenye vitufe vyake.

"Erick, toa mkono huo hapo kabla sijaukata. Nimesema juu sana, sijasema ishushwe. Imbeni."

Wakaimba. Kwake wimbo wote ulikuwa mahali pasipo pake, kutoka neno la kwanza, na alijua utakuwa hivyo wiki ijayo na Krismasi na kila siku atakayosimama pale. Alihesabu. Mstari wa pili soprano wakaingia kwa kuchelewa, kama kawaida yao. Hilo alilisikia vizuri kabisa. Akapiga makofi mawili, wakanyamaza.

"Tangu mwanzo," alisema. "Magreth, nipe tena hiyo sauti yako mbaya."